Ukurasa wa Kaka

Nimechoka. Niseme hilo kwanza, maana mtu akitoa ukweli aliokaa nao siku nyingi watu hudhani amepata ujasiri. Mimi sikupata ujasiri wowote. Nilichoka tu, kama anavyochoka aliyebeba ndoo kichwani mpaka shingo ikakataa, akaitua popote pale.

Kazi yangu ni kuchapa. Nasimama mbele ya mashine ya rangi nne, kuukuu, inayokohoa kila asubuhi kabla haijashika kasi, na nimesimama mbele yake miaka kumi na tisa. Magoti haya si yangu tena, nayaburuta tu. Pale kiwandani wananiita Mama Wino. Vijana wa kukunja karatasi wakiwa nyuma ya mgongo wangu wanaongeza na mengine, nayajua yote, nawaacha. Tunachapa kalenda, vitabu vya shule, lebo za chupa za dawa ya kikohozi. Halafu kikaja kitabu cha picha, na hicho ndicho kilichonivua nguo.

Kitabu chenyewe ni cha filamu. Pengine umeisikia, Kisima cha Mbali. Kama hujaisikia hujapungukiwa kitu. Watu sita wanapelekwa sayari nyingine kuchimba kisima kwa sababu kwao maji yamekwisha, na huko walikokwenda jua halitui na mbingu ni ya kijani. Ilipigwa kwenye machimbo ya mawe kwa siku kumi na nane. Kofia za wanaanga zilikuwa mabeseni ya plastiki yaliyotobolewa na kutiwa vioo. Roketi huioni hata mara moja, unasikia ngurumo tu na watu wanatazama juu, kwa sababu roketi yenyewe ilikuwa imeshindikana. Ilipotoka, watu waliingia, wakacheka pasipo na kichekesho, wakatoka katikati. Baada ya wiki mbili ikaondolewa. Tukasema imekufa, tukaizika.

Kumbe. Wakaja kuifufua watoto ambao hata hawakuwa wamezaliwa. Siku hizi wanakusanyika kila mwaka, watu wazima na ndevu zao, wamevaa mabeseni kichwani, wanayasema maneno ya filamu kwa pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na wanachokipenda kuliko vyote ni kile kijani cha mbinguni. Kuna mmoja ameandika kurasa mia tatu chuo kikuu kueleza maana yake. Mwongozaji wa filamu, Mungu amrehemu, miaka yake ya mwisho alizunguka akisema kijani kile alikiota, eti alikiota akiwa na homa.

Hakukiota mtu. Kijani kile ni kosa, na kosa lenyewe ni langu.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa msaidizi kwenye maabara ya kusafishia filamu. Kaka yangu, aliyenizidi miaka tisa, ndiye aliyekuwa msimamizi wa matangi, na ndiye aliyeniombea kazi. Zamani filamu ikishapigwa ilikuwa lazima ipitishwe gizani kwenye matangi ya dawa ndipo picha itokee. Tangi la pili lilikuwa linaongezewa dawa kila asubuhi, jagi moja, basi. Ikipungua, rangi zinafifia. Ikizidi, zinageuka. Kaka alijua akili ya binadamu ni ya kusahau, kwa hiyo akatuwekea desturi: ukishatia dawa, lifudikize jagi juu ya kifuniko cha tangi. Ukilikuta limefudikizwa, dawa imeshatiwa. Ukilikuta limekaa wima, bado. Hatukuandika mahali wala hatukuulizana, tulikuwa tunatazama jagi.

Asubuhi moja kaka alitia dawa, akalifudikiza jagi, akaenda mbele kupokea mikebe ya filamu. Mimi nilikuwa na doa la chai kwenye blauzi nyeupe, na jioni kulikuwa na mtu wa kuonana naye. Mtu huyo baadaye akawa mume wangu, na baadaye tena akawa mume wa mwenzangu, kwa hiyo hata faida ya ile blauzi sikuiona. Basi nikalichukua jagi, nikalisuuza, nikalijaza maji, nikasugua doa langu kwenye sinki. Nilipomaliza nikalirudisha juu ya tangi. Wima. Nikaenda kupanga mikebe mitupu chumba cha pili, na mikebe ilikuwa mingi. Narudi baada ya saa nzima, nalikuta jagi limekaa wima, na kwamba ni mimi niliyeliweka vile nimeshasahau. Nikasema moyoni, kaka leo kasahau, ngoja nimsitiri. Nikatia.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Mle ndani hamkuwa na mtu mwingine.

Mchana ule mikanda saba ya Kisima cha Mbali ikapita kwenye tangi lile. Ikatoka na mbingu ya kijani. Mwongozaji alipoziona picha alikaa chini, sakafuni, na suruali yake nzuri. Hapakuwa na namna ya kupiga upya, machimbo yalikuwa yamerudi kwa wenyewe na mwigizaji mmoja alishasafiri. Wakaipima dawa, wakakuta imetiwa mara mbili. Mwenye maabara akamwita kaka mbele yetu sote.

"Nimetia mara moja," kaka akasema.

"Una hakika?"

"Ninayo."

"Zamu ya dawa leo ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Yangu peke yangu."

Hapo nikauona uso wake unabadilika. Alikuwa amerudi asubuhi ile kichwani mwake, anajitafuta. Anajiona anamimina, halafu anajiona anamimina tena, na hajui kama ile ya pili ni ya leo au ya jana, maana alikuwa akimimina kila siku. Mtu ukimuuliza mara tatu kama amefunga mlango wa nyumba yake, hata yeye atarudi kuutazama.

"Labda," akasema. "Labda nimesahau."

Blauzi yangu ilikuwa bado mbichi kifuani. Nilifungua mdomo, haki ya Mungu nilifungua. Kisha nikaufunga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mama yetu anaishi kwangu, kazi yenyewe nina miezi minne nayo. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho yake kaka akawa ameshafukuzwa, nikajiambia sasa nikisema tutafukuzwa wawili, ina faida gani. Funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika, na yeye hakupita, akaketi nami miaka thelathini na moja.

Kaka akawa mpaka rangi wa nyumba. Si kazi mbaya, na kwa brashi hakuwa na mpinzani. Lakini kuna kitu ndani yake kilivunjika, na wifi yangu ndiye aliyekuwa akinisimulia bila kujua anamsimulia nani. Kwamba akifunga mlango anarudi mara tatu kuusukuma. Kwamba anasimama mbele ya kikombe cha chai na kuuliza, hivi nimeshatia sukari? Kwamba vidonge vyake vya presha viko kwenye kisanduku chenye majina ya siku, na bado anamwita mkewe aje atazame kama cha leo amekimeza. "Kaka yako hajiamini hata kidogo, wifi," alikuwa akiniambia. "Sijui nani alimloga." Nami najibu, pole wifi, ni umri huo. Hapo kaka alikuwa na miaka thelathini na sita.

Sasa turudi kwenye kitabu. Mhariri wake ni binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, mmoja wa hao wavaa mabeseni, tena wa mstari wa mbele. Alikuja mwenyewe kusimama mashineni. Kitabu kilikuwa na picha zilizokuzwa kutoka kwenye filamu, na picha za nyuma ya pazia: watu wanashona suti, mwanaanga anakula mkate amepakata beseni lake. Nzuri, siwezi kusema uongo. Ila kijani kilimsumbua. Nachapa karatasi ya majaribio, anaitazama, anatikisa kichwa. Naongeza bluu, anatikisa kichwa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama Wino, samahani, bado sicho," akasema siku ya tatu, karibu na kutoka kazini.

Miguu ilikuwa imenivimba. Ndipo ulimi ukateleza.

"Bila shaka sicho," nikamwambia. "Hiki ni kijani cha kabichi. Chenyewe kilikuwa na njano chini yake, kama jeraha la kugongwa linapoanza kupona."

Akanitazama. "Umejuaje?"

"Nilikuwepo. Nilifanya kazi kwenye maabara ile."

Loo, yale macho. Nilidhani atapiga magoti. Akanishika mkono wenye wino bila kujali shati lake, akauliza polepole, "Ni wewe uliyeisafisha?"

Haya, huo ulikuwa mlango, tena umefunguliwa wote na mtu amesimama pembeni ananikaribisha. Hakuna tena wa kunifukuza, mama alishafariki, mwenye maabara alishafariki, mwongozaji naye hivyohivyo. Nami nikajibu:

"Kaka yangu."

Mara ya kwanza nilimtwika kwa kunyamaza, mara ya pili nikamtwika kwa kusema. Sijui ipi mbaya zaidi. Nadhani ya pili.

Binti akamwendea kaka na kinasa sauti. Wakaja na wengine kumwamkia, mabeseni kichwani, wakamwita Mzee wa Kijani. Wifi akanipigia simu anacheka na kulia kwa pamoja. "Wifi, njoo umwone kaka yako. Amenyoa. Amepiga pasi koti. Amekaa barazani anawasimulia majirani habari za matangi, mtu ambaye hakutaka hata kulisikia hilo neno." Nikasema nitakuja. Sikwenda.

Wiki moja baadaye nikaletewa kurasa za mwisho nizitayarishe kwa mashine. Ukurasa wa mia na kumi na mbili ulikuwa wa kaka. Picha ya mikono yake magotini, rangi nyeupe ya kuta kwenye kucha, na chini yake maneno yake mwenyewe: "Nilishatia dawa, nikasahau, nikatia tena. Nimeishi na aibu ya kichwa hiki maisha yangu yote, na leo mnaniambia lilikuwa jambo zuri."

Niliyasoma nimesimama. Halafu nikatafuta pa kukaa.

Kazi hiyo ilikuwa ya nakala elfu tatu. Ningeyachapa maneno yale mara elfu tatu kwa mkono wangu, kwamba kaka yangu ni msahaulifu, na yangekaa kwenye makabati ya watu hata baada ya sisi kufa. Nikisema, nampokonya heshima pekee aliyopewa duniani tangu afukuzwe. Jina la Mzee wa Kijani linakufa siku hiyohiyo, koti linarudi kabatini. Nisiposema, anaizeekea heshima hiyo huku akiamini kichwa chake ni kibovu. Nilizungusha hayo siku nne. Nilikuwa naunguza chakula, nilikuwa napitiliza kituo. Mtu akikuambia dhamiri inasumbua ukadhani ni jambo la juu sana, hapana, ni kama jino tu.

Binti ndiye aliyeniwekea siku ya mwisho, bila kujua. Alisema kaka lazima aje kiwandani, atazame kijani kwenye karatasi ya majaribio, akikubali aitie saini, na ikishatiwa saini tunachapa kitabu chote, harudi mtu nyuma. Kesho, saa tatu asubuhi.

Kaka akaja saa mbili na nusu. Koti kweli lilikuwa limenyooka. Alisimama mlangoni akavuta harufu ya wino, akatabasamu.

"Kitinda," akasema. Ananiita hivyo tangu nizaliwe, kwa kuwa mimi ndiye kitindamimba. "Harufu si ileile, lakini ni ndugu yake."

"Karibu, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Hivi nimelifunga lile geti pale nje?"

"Umelifunga."

"Ngoja nikaangalie."

Akaenda, akaangalia, akarudi. Nikamshika mkono, nikamwingiza stoo ya karatasi, nikafunga mlango.

"Kaa hapo juu ya mzigo."

"Nitachafua karatasi za watu."

"Kaa, kaka."

Akakaa, ameweka mikono magotini vilevile kama kwenye picha. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya kuanzia mbali, ya kuomba radhi kwanza. Yote yakapotea.

"Ile dawa ulitia mara moja," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mtoto. "Kitinda, hilo limeshakwisha. Watoto wale hawanilaumu, wananishukuru hata."

"Ulitia mara moja, ukalifudikiza jagi, ukaenda kupokea mikebe. Mimi nikalichukua nikafulia blauzi yangu. Nikalirudisha wima. Baadaye nikaliona wima, nikadhani umesahau, nikatia mimi."

Nje vijana walikuwa wanasukuma toroli, gurudumu moja linalia. Akainua kidole kimoja, akakitazama.

"Mara moja."

"Mara moja."

"Na nililifudikiza."

"Ulilifudikiza, kaka. Nililitoa limefudikizwa."

Alipumua. Sijawahi kumwona mtu akipumua vile, mabega yalishuka mpaka koti likamkaa vibaya. Kwa kitambo kidogo nilidhani mambo yamekwisha, nilidhani atalia nami nitalia halafu tutoke. Ujinga wangu.

"Unaniambia leo kwa sababu ya kitabu?"

"Nakuambia kwa sababu nimechoka."

"Umechoka," akasema, kama anayeonja neno aone lina chumvi kiasi gani. Nikajua anatembea mahali fulani huko nyuma, mwaka hadi mwaka, anafungua vyumba. Nilijua atafika wapi. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo asiwe anakumbuka.

"Mwaka wa tano baada ya yale," akaanza, "ulikuja nyumbani Jumapili moja. Ukaniletea habari kwamba kuna maabara mpya imefunguliwa, na mwenyewe ananitaka mimi, amesikia ninavyojua matangi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nikakuambia siwezi. Nikakuambia mkono wangu hauaminiki, nitawaharibia watu filamu zao. Wewe ulikuwa umekaa kiti cha mlangoni."

"Ndiyo."

"Ulinijibu nini?"

Sikutaka kulitamka. Yeye akasubiri, hana haraka.

"Nilisema usijali, Mungu atafungua mlango mwingine."

"Ulisema hivyo. Halafu ukaomba uongezewe chai."

Niliomba kuongezewa chai. Ni kweli. Nakumbuka mpaka kikombe, na wifi akinimiminia.

"Ile ya kufukuzwa nakusamehe sasa hivi," kaka akasema, sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Ulikuwa mtoto. Hata ungeniambia jioni ileile, ningekuzaba kofi moja, halafu ningekwenda kusema ni mimi, kwa sababu we mdogo wangu na mama alikuwa mikononi mwako. Ningeibeba hiyo nikijua ninachobeba. Lakini ile Jumapili, Kitinda, ulikuwa mtu mzima."

Nililia. Si kilio cha kutamanisha, pua na kila kitu. Kaka ambaye nilipokuwa mdogo akinifuta machozi kwa kiganja hata kama ni yeye aliyenipiga, alikaa palepale juu ya mzigo wa karatasi akanitazama mpaka nikamaliza.

Binti akagonga mlango. "Mzee, tuko tayari."

Kaka akasimama, akajifuta vumbi la karatasi nyuma ya koti, akatoka. Nikajikaza kisabuni, nikanawa uso kwenye bomba la kunawia wino, nikaenda mashineni kwangu. Kazi haijui kwamba umelia.

Nikaiendesha mashine, nikatoa karatasi, nikaitandaza kwenye meza yenye taa. Lilikuwa lile tukio lao la mwisho, mchimbaji mkuu amekaa ukingoni mwa shimo na beseni lake kichwani, na mbingu yote ile nyuma yake. Kaka akavaa miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa wino.

"Fundi," akasema, bila kuinua kichwa. "Punguza bluu. Kidogo tu."

Nilikawia kuelewa kwamba anasema na mimi. Nikapunguza. Nikatoa nyingine.

"Sasa ongeza njano, fundi. Nyekundu usiiguse."

Nikaongeza. Binti alikuwa amekunja mikono kifuani, hapumui. Karatasi ya tatu ikatandazwa, kaka akaitazama muda wa mtu kunywa maji.

"Hapo. Simamisha hapo."

"Una hakika, mzee?" binti akauliza, si kwa ubaya, ni kazi yake kuuliza.

Mimi nilimjua mtu huyu, nilijua swali hilo linamfanya nini. Nikamtazama nikingoja arudi kwenye karatasi, aombe kutolewa nyingine, aseme labda.

"Ninayo," kaka akasema. Akachukua kalamu, akatia saini pembeni, herufi kubwa, hakurudia kuitazama.

Kisha akaomba aonyeshwe ukurasa wake. Binti akauleta anatabasamu, alidhani mzee anataka kujiona. Kaka akausoma polepole, akapiga mstari kwenye maneno yale, mmoja tu, umenyooka kama wa rula.

"Haya uyatoe. Si kweli."

"Lakini mzee, ulisema mwenyewe. Ninayo sauti yako."

"Nilisema nilichokuwa naamini. Nilitia mara moja. Aliyetia ya pili ni fundi wako huyu, atakueleza mwenyewe, kuanzia mwanzo."

Binti akageuka kunitazama, na nikayaona macho yale tena, yanang'aa. Hakuwa amekasirika hata chembe. Kwake yeye ilikuwa zawadi, alikuwa amepata hadithi bora kuliko ya kwanza. "Mama Wino," akasema taratibu, mkono tayari uko mkobani unatafuta kinasa sauti. "Na picha je, mzee? Picha ya mikono tuitoe?"

Kaka akafikiri.

"Mikono iache," akasema. "Chini yake andika kwamba ilipima sawa."

Akamuaga binti. Akawaaga vijana wa kukunja karatasi, mmoja mmoja, kwa mkono. Nikamfuata mpaka mlangoni nikiwa na wino viganjani, sijui pa kuiweka hiyo mikono yangu, nikasema nitamsindikiza hadi kituoni. Akasema hapana, njia anaijua.

Alishateremka ngazi mbili, akasimama. Alikuwa amenipa mgongo.

"Ningeiweza ile kazi," akasema.

"Ungeiweza, kaka."

Akageuka akanitazama. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko wangu, na mimi nilikuwa nikidhani kuchoka ni mali yangu.

"Si kwamba ningeiweza," akasema. "Nilikuwa naiweza."

Akateremka ngazi zilizobaki, akaenda zake. Nyuma yangu binti alikuwa ameshavuta kiti, ananisubiri nianze.